Le Havre: mji uliovunjwa na marafiki

Kaskazini mwa Ufaransa, pale mto Seine unapoingia baharini, kuna mji unaoitwa Le Havre. Jina lenyewe maana yake ni bandari tu. Mgeni anayefika mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu haoni ile Ufaransa ya kwenye picha, yenye vichochoro vya kale na nyumba za mawe za miaka mia tano. Katikati ya mji anakuta barabara pana zilizonyooka kama uzi, na nyumba za etaje zinazofanana, zote za betoni. Kwa miaka mingi Wafaransa wenyewe waliudharau mji huo. Walisema ni wa kijivu, ni wa baridi, hauna roho. Kuna waliouita kwa dhihaka Stalingrad ya kando ya bahari.

Sura hiyo ilitokana na juma moja tu la Septemba 1944. Kabla ya juma hilo Le Havre ulikuwa mji wa kale kama mingine. Baada yake, watu wapatao 80,000 hawakuwa na nyumba, na katikati ya mji mtu aliweza kusimama akaona bahari bila ukuta wowote wa kumzuia macho. Walioangusha mabomu hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Waingereza, ambao ndio waliokuwa wanakuja kuwakomboa watu hao.

Jambo hilo watu wa Le Havre walikaa nalo miaka mingi bila kujua waliseme namna gani. Ni vigumu kumlaumu aliyekuja kukuokoa.

Mji ulioanza kwa amri

Le Havre haukuota polepole kando ya soko au kanisa kama miji mingi. Uliamriwa. Bandari ya zamani ya jirani, Harfleur, ilikuwa imejaa tope la mto na meli kubwa haziingii tena. Mwaka 1517 mfalme François I akaagiza bandari mpya ichimbwe mahali palipokuwa na kinamasi na maji ya chumvi. Udongo ulikuwa laini, upepo mkali, na bahari haikukubali upesi: mwaka 1525 ilifurika, ikaua watu wapatao mia moja. Waliobaki wakajenga tena mahali palepale. Mwaka 1541 mfalme akamleta fundi Mwitalia, Girolamo Bellarmato, apange mtaa mpya wenye njia zilizonyooka. Kwa hiyo wanaosema kwamba mistari iliyonyooka ililetwa na betoni ya karne ya 20 hawajasoma vizuri historia ya mji huo.

Utajiri ulikuja karne ya 18, na ulikuja na damu. Le Havre ulikuwa mmojawapo wa miji ya Ufaransa iliyofanya sana biashara ya watumwa, pamoja na Nantes, Bordeaux na La Rochelle. Kutoka Le Havre na bandari jirani za mto Seine ziliondoka zaidi ya safari 400 za kununua watu Afrika na kuwapeleka visiwa vya Karibi. Sehemu moja ambako Wafaransa walinunua watu wengi mwishoni mwa karne hiyo ni pwani ya Loango, Malembo na Cabinda, kaskazini kidogo ya mdomo wa mto Kongo. Watu walioshushwa kutoka bara hadi pwani hiyo walipelekwa hasa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, na meli zikarudi Le Havre na sukari, kahawa, pamba na nili. Nyumba ya tajiri mmoja wa meli, iliyojengwa wakati huo, bado imesimama karibu na bandari na imekuwa makumbusho. Ni nyumba nzuri sana, yenye kisima cha mwanga katikati, kutoka juu hadi chini. Atakayeizuru aangalie uzuri huo na akumbuke kahawa na sukari vilipandwa na nani.

Biashara ya watu ilipokwisha, bidhaa zao zilibaki. Reli ya kutoka Paris ilifika mwaka 1847. Mwaka 1882 lilifunguliwa soko la kahawa ambako wafanyabiashara walinunua na kuuza kahawa ambayo bado haijavunwa, na bei zilizosemwa pale zilisikilizwa mbali. Wahamiaji kutoka Ujerumani, Uswisi na Ufaransa yenyewe walipandia hapo meli za kwenda Marekani. Kati ya watoto waliokulia kwenye mji huo ni mchoraji Claude Monet. Picha yake ya mwaka 1872 ya jua likichomoza juu ya bandari ya Le Havre ndiyo iliyozaa jina la aina nzima ya uchoraji, ingawa watu wa mji huo wenyewe waliyaona macheo hayo kila asubuhi wakiwa njiani kwenda kupakua makaa ya mawe.

Jules Durand, mpakuzi wa makaa

Mtu anayetaka kuelewa tabia ya Le Havre aanzie kwa makuli wa bandari kabla ya matajiri wa meli. Mwaka 1910 wapakuzi wa makaa ya mawe waligoma. Kazi yao ilikuwa chafu na ya vibarua: leo unaitwa, kesho huitwi. Mashine mpya za kupakulia zilikuwa zimeanza kuwanyang'anya hata hicho kidogo. Katibu wa sendika yao aliitwa Jules Durand, kijana wa mjini hapo, mtu asiyekunywa pombe na aliyewashauri wenzake waiache.

Mwezi wa Septemba mwaka huo mfanyakazi mmoja ambaye hakugoma aliuawa kwenye ugomvi wa walevi. Durand hakuwepo. Lakini mashahidi walipatikana wa kusema kwamba sendika ilipiga kura kwenye mkutano kwamba mtu huyo auawe, na tarehe 25 Novemba 1910 mahakama ya Rouen ilimhukumu Durand akatwe kichwa. Bandari ilisimama. Makelele yakavuka hadi nchi nyingine. Serikali ikapunguza hukumu, kisha Februari 1911 akaachiliwa, lakini gereza na woga wa kifo vilikuwa vimeshaiharibu akili yake. Mwaka 1918 mahakama kuu ilitangaza kwamba hana kosa lolote. Yeye hakulielewa tangazo hilo. Alikufa mwaka 1926 katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Watu wa Le Havre hawajamsahau. Mji huo ulikuwa na mameya wa chama cha Kikomunisti kwa sehemu kubwa ya nusu ya pili ya karne ya 20, mfululizo tangu 1965 hadi 1995, na mashaka yao juu ya maneno ya wakubwa yana mizizi kwenye mambo ya namna hiyo.

Serikali ya Ubelgiji ilipokuwa mkimbizi

Kuna ukurasa mmoja wa mji huo ambao unaigusa Kongo moja kwa moja, na ambao haufundishwi sana.

Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliivamia Ubelgiji. Serikali ya Ubelgiji ilikimbia kutoka Bruxelles hadi Antwerpen, kisha Oostende, na mwezi wa Oktoba ikapanda meli hadi Le Havre. Mfalme Albert I alibaki na askari wake kwenye kipande kidogo cha nchi kisichotekwa. Mawaziri wakapewa na Ufaransa mahali pa kukaa Sainte-Adresse, mtaa wa wenye mali ulio juu ya kilima kando kabisa ya Le Havre, kwenye majengo mapya yanayotazama bahari. Walikaa hapo zaidi ya miaka minne, mpaka Novemba 1918. Walikuwa na posta yao, na barua zilizotumwa kutoka hapo zilibandikwa stempu za Ubelgiji, kana kwamba kipande cha kilima hicho kilikuwa nchi yao.

Serikali hiyo isiyokuwa na nchi ndiyo iliyokuwa inaitawala Kongo. Waziri wa Makoloni, Jules Renkin, alikuwa mmoja wa mawaziri hao wakimbizi. Wakati wao wanaishi kwa ukarimu wa Wafaransa, askari wa Force Publique chini ya jenerali Tombeur walivuka kutoka Kivu, wakapita Rwanda na Burundi, na Septemba 1916 wakaingia Tabora, katika koloni la Wajerumani. Nyuma yao walikuwa maelfu kwa maelfu ya wapagazi, wanaume waliotolewa vijijini kwa nguvu kubeba risasi na unga, na wengi wao hawakurudi. Habari ya ushindi huo iliipa moyo sana serikali iliyokuwa uhamishoni, kwa kuwa nyumbani kwao Ubelgiji hawakuwa na ushindi wa kuonyesha. Majina ya wapagazi hayakuandikwa popote kwenye kilima cha Sainte-Adresse.

Na hata wakimbizi wenye stempu zao hawakukwepa ajali za vita. Tarehe 11 Desemba 1915 kiwanda cha risasi cha Wabelgiji, pembeni ya Le Havre, kililipuka na kuua watu wengi.

Septemba 1944

Vita vya pili vilipokuja, Wajerumani waliingia Le Havre mwezi wa Juni 1940. Kutoka hapo hadi Uingereza ni bahari tu, kwa hiyo mji ukawa shabaha. Ndege za Waingereza na washirika wao ziliupiga bandari mara zaidi ya mia moja kwa miaka minne, na watu wengi wakahama kidogo kidogo kwenda vijijini. Wajerumani waliuzungushia mji mitaro, mabomu ya ardhini na maboma ya betoni, na Hitler akauita ngome ya kushikiliwa mpaka mtu wa mwisho.

Mwezi wa Juni 1944 majeshi ya washirika yalitua Normandie. Tarehe 25 Agosti Paris ikakombolewa. Watu walicheza barabarani, kengele zikapigwa. Le Havre ulikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, umezingirwa na Waingereza, na washirika walihitaji bandari haraka kwa ajili ya mafuta na chakula cha majeshi yao. Kamanda Mjerumani, kanali Eberhard Wildermuth, alikataa kusalimisha mji. Aliomba raia waruhusiwe kutoka kwanza. Waingereza wakakataa, kwa kuogopa kwamba alikuwa anatafuta tu muda na kupunguza midomo ya kulisha. Hapo watu wa Le Havre wakawa katikati, bila upande wowote uliowaombea.

Jioni ya tarehe 5 Septemba ndege zaidi ya 300 zilikuja. Ziliangusha mabomu ya kuvunja na mabomu ya moto juu ya katikati ya mji kwa muda wa kama saa mbili. Askari wengi wa Kijerumani hawakuwa hapo. Walikuwa kwenye maboma ya pembeni. Waliokuwa hapo ni raia, ndani ya sela za nyumba zao. Moto uliungana ukawa mmoja. Kesho yake ndege zikarudi na kuipiga mitaa ya juu.

Mji wa Le Havre una sehemu mbili, ya chini iliyo sawa na bahari, na ya juu iliyo kilimani. Wakati huo kulikuwa kunachimbwa tunnel ya kuunganisha sehemu hizo, iitwayo Jenner, na kwa sababu ilikuwa ndani ya mwamba watu waliiona ndiyo salama kuliko sela yoyote. Tarehe 6 Septemba mamia walikimbilia humo na watoto na mablanketi. Mabomu yakaporomosha mlango. Upande wa pili ulikuwa bado haujatobolewa. Zaidi ya watu 300 walikosa hewa, wakafia gizani.

Waingereza walishambulia kwa ardhi tarehe 10, na tarehe 12 yote yalikuwa yamekwisha. Wajerumani zaidi ya 11,000 walitekwa. Kwa hesabu za kijeshi ulikuwa ushindi wa bei nafuu, kwa sababu Waingereza waliouawa walikuwa wachache. Kwa hesabu za mji, raia wapatao 2,000 walikuwa wamekufa kwa juma moja, na kwa vita vyote wapatao 5,000. Nyumba 12,500 zilikuwa zimeanguka. Askari wakombozi walipopita, mahali pengine walitupiwa maua. Hapa watu waliwatazama kimya kutoka kwenye vifusi. Na ile bandari iliyotafutwa kwa bei hiyo ilikuwa imeshalipuliwa na Wajerumani kabla ya kusalimu amri. Magati yalikuwa yamevunjika na mamia ya meli na mashua yamezamishwa ndani ya maji. Mainjinia Wamarekani walifanya kazi usiku na mchana ili meli za kwanza ziweze kuingia.

Kambi zenye majina ya sigara

Wamarekani walijenga kuzunguka Le Havre kambi kubwa za askari wao waliokuwa wanafika au wanangoja meli za kurudi nyumbani. Ili adui asielewe mahali zilipo, walizipa majina ya sigara: Philip Morris kule Gonfreville-l'Orcher, Herbert Tareyton kwenye msitu wa Montgeon, Lucky Strike mbali zaidi upande wa kaskazini. Askari walipoondoka mwaka 1946, vibanda vya mbao na vya bati vilibaki, na jamaa zilizopoteza nyumba zikahamia ndani yake.

Palepale wakaanza maisha ya kambi ambayo kila aliyewahi kulala chini ya shitingi anayajua: ukuta mwembamba unaoleta kila neno la jirani, matope mlangoni, foleni ya maji, baridi, na swali la watoto la lini tunarudi. Serikali ilisema ni kwa muda. Baadhi ya jamaa zilikaa zaidi ya miaka kumi. Watoto walizaliwa kambini na wakaanza shule kambini. Kulikuwa na maduka, kanisa na dansi za Jumamosi, na baadaye wapo waliosema kwamba walikuwa na ujirani mwema kule kuliko kwenye nyumba nzuri walizopewa. Kambi ina hayo pia, lakini si sababu ya kumwacha mtu humo.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Fedha na sementi vilikuwa haba, nchi nzima ilikuwa imeharibika. Lakini jambo gumu kuliko yote lilikuwa viwanja. Katikati ya Le Havre ya zamani kulikuwa na vijiwanja vidogo vidogo vya kila umbo, nyumba zimebanana, moja ya warithi saba, nyingine ya mjane, nyingine ya tajiri mwenye wapangaji kumi na watano. Kama kila mmoja angerudi kwenye kipande chake na kujenga anavyotaka, mji ungerudi kuwa na vichochoro vilevile vya giza na kifua kikuu. Kama serikali ingechukua vyote, watu wangesema wameibiwa mara mbili.

Njia waliyoichagua ilikuwa ya katikati. Viwanja vyote vya eneo lililovunjwa vilikusanywa kuwa kimoja, vikachorwa upya, na kila mwenye mali akaandikiwa haki yake kwa thamani ya kile alichokuwa nacho. Sheria ya tarehe 28 Oktoba 1946 ilisema kwamba mwenye nyumba iliyoharibiwa na vita analipwa fidia kamili ya kuijenga tena. Serikali ikatangulia kujenga majengo ya etaje bila kujua bado nani atakaa wapi, kisha wenye haki wakapewa humo vyumba badala ya nyumba zao. Aliyekuwa na nyumba yenye bustani alijikuta na mlango mmoja kwenye etaje ya nne, ngazi akishirikiana na watu asiowajua. Wengi walinung'unika. Hata hivyo walikuwa na karatasi, na karatasi iliheshimiwa.

Waliopotea kwenye mpango huo ni wapangaji. Mtu aliyelipa kodi ya nyumba miaka ishirini kwenye mtaa mmoja, aliyefahamika kwa kila muuza mkate, hakuwa na haki yoyote juu ya mtaa huo. Fidia yake ilikuwa ya meza na vitanda. Makuli, wafuaji nguo, mabaharia, wale hasa waliokuwa wameujaza mji wa chini, wengi hawakurudi kukaa huko. Walitoka kambini wakaenda mitaa mipya iliyojengwa kilimani na pembeni, kama Caucriauville katika miaka ya 1960. Mji wa katikati ulisimama tena ukiwa mzuri zaidi na wenye hewa zaidi, lakini wakaaji wake walikuwa wengine. Hilo ni doa ambalo vitabu vinavyousifu ujenzi huo huvuka kwa mistari miwili.

Mzee na betoni yake

Aliyepewa kazi ya kuuchora mji ni Auguste Perret, mwaka 1945, akiwa na miaka 71. Alikuwa ametumia maisha yake yote kutetea betoni, wakati ambapo wengi waliiona ni kitu cha maghala na madaraja tu, kitu cha kufichwa nyuma ya mawe. Alikusanya wanafunzi wake wa zamani na wasanifu wengine, akawapa kanuni moja: nguzo zote zitaachana kwa mita 6.24. Kipimo hicho kilirudiwa mji mzima. Kiliwezesha vipande vya ukuta, madirisha na sakafu kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo, na ndicho kinacholeta ule mwendo mmoja kama wa ngoma anaousikia mtu akitembea barabara ya Rue de Paris.

Perret alitaka hata kuuinua mji wote juu ya sakafu ya betoni yenye kimo cha mita tatu na nusu, mabomba na magari yapite chini yake. Sementi na chuma havikutosha, wakamkatalia. Lakini vifusi havikutupwa vyote. Vilisagwa vikawa kokoto na kuingizwa kwenye betoni mpya. Atakayesogea karibu na nguzo za majengo hayo ataona kwamba si za kijivu kweli: kuna za waridi, za manjano, za rangi ya udongo, kufuatana na mawe na matofali yaliyosagwa ndani yake. Nyumba za zamani zimo ndani ya kuta za nyumba mpya.

Vyumba vilikuwa na mwanga kutoka pande mbili, joto la kati kwa majira ya baridi, jiko lenye kabati zake na bafu, mambo ambayo wafanyakazi wengi wa Ufaransa wakati huo hawakuwa nayo. Mtaa mmoja tu wa zamani, Saint-François, ulijengwa upya kwa matofali na mapaa ya mawe meusi kama ulivyokuwa, na kanisa kuu la Notre-Dame lililojeruhiwa likatengenezwa.

Kazi ya mwisho ya Perret ni kanisa la Saint-Joseph, kumbukumbu ya waliokufa. Mnara wake una mita 107 na unaonekana kutoka mbali baharini kabla mji wenyewe haujaonekana. Ndani hakuna picha za watakatifu kuta nzima. Kuna vioo vidogo 12,768 vya rangi vilivyotengenezwa na Marguerite Huré, na jua likizunguka, rangi za ndani zinabadilika saa kwa saa. Perret alikufa Februari 1954 bila kuona kanisa hilo limekwisha.

Mji wa leo

Mwaka 2005 Unesco iliiweka sehemu hiyo ya mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Ghafla kitu kilichochekwa kwa miaka hamsini kikawa cha kuonyeshwa kwa watalii. Kuna chumba kimoja kilichopangwa na vyombo vya miaka ya 1950 ambapo wageni huingizwa kuona maisha yalivyokuwa. Wazee wengine waliopewa vyumba vya namna hiyo walicheka, kwa kuwa vikombe vilivyowekwa kwenye kioo ni kama vile walivyokuwa wanavitumia nyumbani.

Maisha ya bandari hayakuwa rahisi. Meli kubwa ya abiria iitwayo France, iliyoanza kwenda New York mwaka 1962, ilisimamishwa mwaka 1974; mabaharia wake waliikalia na kuiegesha kwenye njia ya kuingilia bandari kwa siku nyingi wakidai kazi zao, na hawakuzipata. Mji uliokuwa na zaidi ya watu 200,000 miaka hiyo sasa una wapatao 165,000. Makuli ni wachache, na wanaendesha mashine. Lakini kontena zinazoingia Ufaransa kwa meli zinapitia hapo kuliko bandari nyingine yoyote ya nchi hiyo, na magati mapya ya meli kubwa zaidi yalifunguliwa mwaka 2006.

Tunnel ya Jenner ilimalizika miaka ya 1950. Magari yanapita humo kila siku kati ya mji wa chini na mji wa juu, na tangu Desemba 2012 tramu inapita kwenye tunnel nyingine iliyochimbwa kando yake. Safari ya kutoka upande mmoja hadi mwingine ni dakika moja au mbili.